Keki Iliyotoka Jasho

Wewe uliyelifungua daftari hili, sijui u nani wala umelipataje, lakini kwa hisani yako lifunge. Na kama huwezi kulifunga, basi haya yaishie machoni, yasifike mdomoni. Usimsomee uliyelala naye kitanda kimoja. Usimdokezee Mama Waridi hata akikukaribisha chai. Zaidi ya wote, asije akajua Bibi wa Ukumbi. Riziki ya dada yangu imo humu ndani, na mimi ni mwoga, sina pengine pa kuiweka hofu yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua zimeanza. Dada ameangusha trei nzima ya keki ndogo. Anasema imeteleza.

Jumatano, 12 Machi

Haikuteleza.

Leo nimerudi kutoka ofisini nikamkuta amesimama mbele ya meza ya kazi, kisu chembamba cha kukatia petali za maua ya sukari mkononi, na kisu kinacheza kama mkia wa mjusi. Hakunisikia kwa sababu ya mvua kwenye bati. Aliponiona akauficha mkono wa kulia ndani ya aproni.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini? Vua viatu, unaniletea tope."

"Dada, mkono."

"Mkono umechoka. Wewe ukikaa kitini kutwa nzima huchoki kiuno?"

Sikuendelea. Dada ndiye aliyenilea tangu wazazi wetu walipofariki, na shule yote niliyosoma imetoka kwenye vidole vile vile. Baadaye, tukiwa tunakula, kijiko kilimponyoka mara mbili. Mara ya pili hakukiokota. Akasema, akiiangalia sahani, kwamba vidole vitatu vimekufa ganzi tangu mwezi uliopita, na kwamba nikimwambia mtu atanikana.

Naandika sababu nisije nikajisahau. Bibi wa Ukumbi, mwenye ule ukumbi mkubwa wa kukodisha karibu na stendi, anatafuta mtu mmoja wa kumpa jiko la ukumbi: jiko kavu, lenye feni na madirisha yanayofunga. Waliobaki ni wawili, Dada na Mama Waridi. Msimu huu wote wa mvua watapishana, Jumamosi hii mmoja, Jumamosi nyingine mwenzake, na mvua zikiisha atachagua. Sharti lake ni moja: anayepamba keki ndiye anayeileta na kusimama nayo. "Sikodishi jiko kwa jina," alimwambia Dada, "nakodisha kwa mkono."

Na mkono ndio huo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimerudi kazini nikakuta fondanti imewekwa mezani, imefunikwa na mfuko wa plastiki. Fondanti ni ile sukari inayokandwa mpaka iwe laini kama udongo wa mfinyanzi, ukaisukuma ikawa shuka, ukaivisha keki.

"Osha mikono," Dada akasema.

"Mimi ni karani."

"Na mimi ni malkia. Osha mikono, na kucha pia."

Akanifundisha petali. Alinifokea kwa muda mrefu sana. "Hilo ni waridi au kabichi? Nikimpelekea bibi arusi hilo atanirudishia na supu." Mimi natumia mkono wa kushoto, kwa hiyo kila alichonionyesha ilinibidi nikigeuze kichwani kwanza. Shati langu la ofisini limejaa sukari ya unga kwenye kola.

Jumamosi, 22 Machi

Keki ya kwanza ya mikono yangu imekwenda ukumbini kwa jina la Dada. Nilibaki nyumbani nikizunguka meza kama kuku anayetaka kutaga. Alirudi amelowa hadi nguo za ndani, akasema tu, "Imepita." Kisha akalala na viatu.

Jumanne, 25 Machi

Mvua.

Jumamosi, 5 Aprili

Keki ya pili imepita. Dari limeanza kuvuja juu ya meza ya kazi. Tumeweka ndoo ya bluu.

Ijumaa, 11 Aprili

Mama Waridi alikuja. Sijawahi kuogopa mtu aliyebeba mwavuli namna ile.

Nilikuwa mezani nakunja utepe wa fondanti. Hodi ilipopigwa Dada akanipokonya utepe na kunisukuma kwenye kiti cha pembeni, nikashika gazeti. Mama Waridi akaingia, akatikisa mwavuli mlangoni, akasema anaazima chekeche, lake limetoboka.

"Karibu, mwenzangu," Dada akasema. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya aproni.

"Ahsante, mwenzangu. Sikai." Lakini akakaa. Akauangalia utepe, akaangalia maua niliyokuwa nimeyaweka yakauke. Akainua moja, akaligeuza kwenye mwanga wa taa.

"Mrembo huyu," akasema. "Ila zamani maua yako yalikuwa yanafungukia kulia."

Dada akacheka. "Na wewe unayapima maua yangu?"

"Miaka yote hii, nisiyajue? Nimeyaona na yale ya Jumamosi. Yote yanafungukia kushoto." Akalirudisha mahali pake taratibu. Kisha akanigeukia mimi, mwenye gazeti. "Na wewe, baba, kazi vipi?"

"Nzuri, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Una sukari kwenye nyusi."

Aliondoka na chekeche. Dada alisubiri mlangoni mpaka sauti ya mwavuli ilipopotea uchochoroni.

"Atasema," nikamwambia.

"Najua."

"Tufanye nini?"

"Tupige maua."

Jumatatu, 14 Aprili

Jana usiku tuligombana. Aliniambia mkono wangu mzito kama wa muuza nyama. Nikamwambia, kama wake ni mwepesi, ashike kisu mwenyewe. Nilijuta kabla sijafunga mdomo.

Leo alfajiri niliamka mapema, nikampita mlangoni mwa chumba chake. Alikuwa anajifunga vifungo vya blauzi kwa mkono mmoja. Kifungo cha juu kilimshinda. Alijaribu, akapumzika, akajaribu tena, akavaa kanga juu yake ili kisionekane kwamba kiko wazi. Nilirudi kitandani nikajifanya nimelala. Msimu mzima nilikuwa naona ukali tu. Huyu mtu anaogopa kuliko mimi, ila yeye hana daftari.

Jumamosi, 19 Aprili

Bibi wa Ukumbi amekuja mwenyewe hadi kwetu, dereva akimshikia mwavuli. Keki ya mwisho ya msimu, ile itakayoamua, ni ya Jumamosi ijayo. Mwalimu wa kwaya anastaafu. Zamu ya Dada ilikuwa leo, ila ukumbi haukukodishwa, ikasogezwa hadi siku hiyo, na Mama Waridi amealikwa aje aone, "ili baadaye asiseme nimependelea."

Keki iwe ya muziki: chini duara lenye vibao vya kinanda kuizunguka, juu kitabu kilichofunguliwa, na ndani ya kitabu mistari mitano yenye nota za wimbo alioutunga Mwalimu mwenyewe. Ubavuni fidla na nyuzi zake.

"Na nota ziwe sahihi," Bibi akasema. "Hawa watu wana mila yao. Mwenzao akiondoka, wanaimba keki kabla ya kuikata."

"Wanaimba keki?" Dada akauliza.

"Wanaimba kilichoandikwa juu yake. Mkiwaandikia upuuzi, watauimba upuuzi mbele ya wageni wangu."

Alituachia karatasi yenye nota. Mimi nimesoma sana, lakini nota sizijui; naziona kama siafu juu ya nyaya za umeme.

Jumanne, 22 Aprili

Balaa. Bosi wangu ni mwanakwaya.

Nilikuwa napanga majalada, yeye akitafuta kalamu, akaanza kuvuma wimbo, mdomo umefumbwa, kwa sauti ya chini ya kifuani. Nikasikiliza tu. Kisha nikaitoa karatasi mfukoni chini ya meza na kuifuata kwa kidole: inashuka, inashuka, inapanda, inakaa, na mwisho kabisa inaruka juu. Ndiyo yenyewe.

"Wimbo mzuri, bwana," nikasema.

"Wa Mwalimu wetu. Tunamuaga Jumamosi mchana."

Jumamosi asubuhi sisi tuna kazi. Nilikuwa nimekwisha kupanga kuugua ili nimbebee Dada keki.

Alhamisi, 24 Aprili

Vibao vya kinanda vimekamilika. Fidla imekauka vizuri, nyuzi zake nimetengeneza kwa fondanti niliyoiviringisha mpaka ikawa kama tambi. Dada aliitazama kwa muda mrefu. "Shingo imenyooka," akasema. Kwake hiyo ni sifa.

Nota zimebandikwa, zote nyeusi. Nikamwimbia kama nilivyomsikia Bosi. Akasema nina sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimefanya jambo na sijamwambia.

Mvua ya leo si mvua, ni mtu anamwaga mapipa. Jioni Dada alikunywa dawa ya maumivu, akasinzia kitini. Ndoo ya bluu ikajaa. Kisha dari likafungua tundu jingine, hatua moja tu kutoka kwenye keki, na tone likarukia kibao cha kinanda. Nikaifunika keki kwa sanduku. Sanduku likaanza kulegea kwa unyevu. Nyumba nzima hapakuwa na mahali pakavu. Nikaibeba keki hadi kwa jirani mwenye duka la vinywaji, akatoa soda zake rafu moja nzima, nikaiweka ndani ya friji lake kubwa.

"Humo hata mafuriko hayaingii," jirani akasema.

Dada aliwahi kunitajia jambo kuhusu friji, siku zile za mwanzo, katikati ya makelele mengi. Sikumbuki alisema nini. Sitaki kumwamsha.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika haya jioni. Nitajaribu kuyapanga.

Asubuhi nilipiga simu ofisini nikasema nina homa. Bosi akasema, "Pole, jifunike." Nikaenda kuichukua keki. Ilikuwa imekaza, nyeupe, nota nyeusi tititi. Nilifurahi. Nikamwambia Dada niliihamisha kwa jirani kwa sababu ya dari, nikameza neno friji. Tukakodi gari. Mpango wetu ulikuwa mimi niibebe mpaka mlango wa jiko la ukumbi kama mbebaji tu, niondoke, yeye asimame nayo.

Njiani mvua ilikatika, jua likatoka, joto likapanda. Nilikuwa nimeishika keki mapajani. Nikaona inang'aa kidogo. Nikadhani ni mwanga.

Tulipofungua sanduku kwenye meza ya ukumbi, keki ilikuwa imetoka jasho. Matone madogo kila mahali, kama uso wa mgonjwa. Fondanti iliyokuwa shuka ikawa gundi. Mistari mitano ilikuwa inavujisha weusi, na nota, mbele ya macho yangu, zilikuwa zinateremka. Polepole. Moja iliutoka mstari wake ikakaa kati. Nyingine ikaburuza mkia mweusi nyuma yake.

Dada aliigusa kwa kidole cha kushoto. "Umeiweka kwenye friji," akasema. Halikuwa swali.

"Dari lilikuwa—"

"Nyamaza."

Bibi wa Ukumbi akatoka ofisini kwake, Mama Waridi nyuma yake. Bibi akaangalia. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Hii ndiyo keki?"

"Inarekebishika," Dada akasema.

"Basi irekebishe. Nataka kuona. Kwaya inaingia muda si mrefu."

Nikachukua kitambaa, nikainama nipanguse. Mama Waridi akaniambia kwa ukali, chini kwa chini, "Usifute! Ukifuta imekwisha. Jasho linakaushwa kwa upepo." Akaenda, akarudi na feni ndogo ya mezani, akaichomeka na kuielekeza kwenye keki mwenyewe. Nilimtazama nisiamini. Alikuwa amepata alichokuwa anakitaka, na anatupepea.

Matone yalianza kupungua. Lakini kitabu kilikuwa kimeharibika. Ilibidi kuondoa ukurasa wote na kuweka mwingine, mistari mipya, nota mpya. Nyeupe na nyeusi ya akiba nilikuwa nayo kwenye mfuko wa plastiki. Nikaiweka mezani. Dada akatoa mkono wa kulia kwenye aproni, kwa mara ya kwanza mbele ya watu tangu mvua zianze, akashika kisu.

Kisu kikacheza. Kikagonga ukingo wa sahani: ti-ti-ti-ti. Dada akakibana kwa mkono wa pili, kikazidi. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa, macho yakiangalia kisu kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Nilichotakiwa kufanya ni kuondoka; mimi ni mbebaji. Nikakunja mikono ya shati, nikamtoa kisu vidoleni, taratibu, nikakihamishia mkono wangu wa kushoto, nikaanza kukata ukurasa.

"Huyu ni nani?" Bibi akauliza.

"Mdogo wangu," Dada akasema. "Ndiye aliyepamba. Hii na zote za msimu huu."

Nikasikia mlango mkubwa ukifunguliwa, miguu mingi, watu wakicheka, wakikung'uta miavuli. Kwaya. Sikuinua kichwa. Nikakata mistari, nikaibandika. Nikaviringisha nota. Nikasikia viatu vikisimama karibu yangu, na sauti ya chini ya kifuani ikasema, "Pole na homa."

"Ahsante, bwana," nikajibu, nikaweka nota ya tatu.

Ilipobaki nota moja, ile ya mwisho inayoruka juu, Dada akasema, "Nipe."

Nilimtazama. Akafungua kiganja cha kulia. Nikamwekea. Ilikuwa ndogo kama punje ya harage. Akaibeba juu ya ukurasa, mkono wote ukitetemeka mpaka begani, akaishusha. Ikatua chini ya mahali pake. Si mbali, hatua moja ya sauti. Lakini chini.

Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuinyanyua na ncha na kuisogeza, hakuna ambaye angeona. Dada hakuwa ameona. Alikuwa anapumua tu, kama mtu aliyefika ng'ambo. Nikakiweka kisu chini.

Walimleta Mwalimu wa kwaya mbele, mzee mrefu mwenye miwani kwenye kamba. Wanakwaya wakaizunguka meza, wakainamia ukurasa, mmoja akatoa sauti ya kuanzia. Wakaimba. Inashuka, inashuka, inapanda, inakaa, na mwisho, badala ya kuruka, ikabaki pale chini kidogo, kama mtu aliyefika mlangoni akasita kutoka. Wengine waliruka kwa mazoea, wengine wakafuata keki, ukumbi ukatoa sauti mbili. Watu wakacheka.

Mwalimu hakucheka. Akainama mpaka miwani ikakaribia kugusa sukari. "Nani kaishusha hii?"

"Mvua, Mwalimu," Bibi wa Ukumbi akasema. "Imeharibu keki tangu asubuhi."

"Basi imbeni ilivyoandikwa," akasema. "Nyote."

Wakaimba tena, wote chini. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Baadaye Bibi alituita koridoni. "Ungeniambia wiki ya kwanza," alimwambia Dada, "ningekungoja upone. Sasa umenifanya nisifu mkono ambao haupo. Jiko nampa Mama Waridi."

Dada akasema, "Sawa, mama." Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani atanirudishia sahani yangu?"

Jumapili, 27 Aprili

Amelala kutwa. Nimemwaga ndoo.

Jumatatu, 28 Aprili

Bosi aliniita asubuhi. Niliingia nikiwa nimekwisha kujifukuza mwenyewe.

"Ulidanganya," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Ulikosa nini kuniambia ukweli?"

Nikasema, "Ujasiri, bwana."

Alivuta pumzi ndefu. Ile Jumamosi imekatwa kwenye likizo yangu. Nilipofika mlangoni akasema, "Na ukiugua tena, niletee kipande."

Jumanne, 29 Aprili

Mama Waridi alikuja kurudisha chekeche. Dada hakumkaribisha kiti, akajikaribisha.

"Jiko nimelichukua na silirudishi," akasema. "Usinitazame hivyo. Mimi sikusema neno kwa mtu. Nimefunga kinywa tangu yale maua."

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Kwa sababu na mimi nina mikono." Akajitazama vidole. "Fidla kama ile mimi siwezi, yangu ingetoka kama kiatu. Watu wameanza kuiulizia. Nikiagizwa vitu hivyo, nawaletea nyie. Mnataka au hamtaki?"

"Atafundishwa na nani, na mimi sina mkono?" Dada akasema.

"Mdomo unao, mwenzangu. Mtaa mzima tunausikia."

Dada akatazama pembeni, lakini niliona shavu likicheka.

Ijumaa, 2 Mei

Nimempeleka hospitali. Alinishika mkono kwenye foleni, jambo ambalo hajalifanya tangu mimi ni mtoto, na wakati ule mwoga nilikuwa mimi. Daktari amesema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Kuna upasuaji mdogo, na huenda ganzi ikaisha, huenda isiishe yote. Dada akamuuliza, "Nitaweza kufunga kifungo?" Daktari akasema kifungo, ndiyo.

Jumamosi, 10 Mei

Jua siku tatu mfululizo. Ndoo ya bluu iko kavu. Dada ameweka ndani yake unga.

Wewe uliyefika mpaka hapa: yale niliyokuomba uyafiche mwanzoni, mengi hayana haja tena. Bibi wa Ukumbi anajua, Mama Waridi alijua kabla ya wote. Limebaki moja, na hilo nakusihi ulifukie. Kwaya sasa inaimba wimbo wa Mwalimu kwa ule mwisho wa keki, wa chini, Bosi anauvuma hivyo ofisini, na kila mtu anasema ni mvua iliyoishusha ile nota. Dada mwenyewe anasema hivyo. Waache waseme.

Ukinihitaji, usinitafute ofisini kwa habari za keki, Bosi ataanza kudai vipande. Njoo jioni baada ya kazi, au Jumapili. Ingia uchochoro wa nyuma ya duka la vinywaji, lile lenye friji kubwa, utasikia mwanamke anamfokea mtu. Fuata sauti. Anayefoka ni Dada, anayefokewa ni mimi. Piga hodi kwa nguvu, usingoje apumzike, hapumziki. Useme umekuja kwa fundi wa mkono wa kushoto. Na ukimkuta anajifunga blauzi, geuka utazame nje kidogo, mpaka amalize.